Jinsi Shangazi Alivyotuchagulia Hoteli Pemba

Mtwara hadi Palma

Sauti ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa bado nje ya ukuta wa nyumba ya Shangazi Mwanahawa, begi begani, midomo imekauka kwa vumbi la njia ya Kionga, nikijiandaa kupiga hodi, mara ndani kukasikika kitu: trrrr, kimya, tak. Tena: trrrr, kimya, tak. Cherehani haikuwa, Shangazi hana cherehani. Ndege hakuwa. Mnavyonijua, nilisimama palepale nikaanza kuitafutia sauti ile sentensi nzuri, na nilikuwa nimefika kwenye "kama meno ya wakati" niliposikia Shangazi akimwambia mtu kwa ukali kwamba kama ni kupima, apime na pale panapovuja, asipime pazuri tu.

Nikaingia. Fundi mmoja alikuwa amepiga goti ukumbini na tepu ya chuma, ile inayojirudisha yenyewe kwenye kopo lake. Pembeni yake bwana mrefu, shati jeupe la kitani, alikuwa akiandika vipimo kwenye simu. Nyumba alimozaliwa baba yangu ilikuwa inapimwa kama kitambaa cha suti.

Lakini nimekimbilia mbele. Nyinyi wenzangu wa Jumamosi, tunaosomeana maandishi yetu, mlinituma nikachunguze hoteli ndogo za kifahari za Pemba, ile ya ng'ambo ya Ruvuma, si kile kisiwa, zile ambazo, kwa maneno ya matangazo yao, kila chumba kina roho yake na mwenyewe anakujua kwa jina, ili kikundi chetu kikapumzike jijini mwisho wa wiki moja. Tusome, tuogelee, turudi watu wapya. Tangu nirudi mnaniuliza tumepata ipi, na mimi nababaika. Nimeona niandike safari yote mara moja, kila mtu asome, aniache.

Mihuri na fomu za mpakani nairuka. Mto Ruvuma sitauruka, kwa kuwa maji yalikuwa yamepungua na mashua ikakwama kwenye fungu la mchanga katikati, tukakaa hapo tangu asubuhi hadi alasiri. Abiria mwenzetu mmoja alikuwa anapeleka Palma shehena ya viti vya plastiki. Alieleza kwamba Palma sasa hakuna biashara kama viti: tangu gesi igunduliwe baharini, kila siku kuna mkutano wa kuwaeleza wananchi kuhusu gesi, na mkutano bila viti si mkutano. Basi akatushushia viti tukavipanga mchangani, safu kwa safu, tukakaa tukiyatazama maji, kiboko mmoja akitutazama sisi. Ulikuwa mkutano mzuri. Hakuna aliyetuahidi chochote.

Huyo bwana wa shati la kitani alikuwa Senhor Abílio, mtu wa kusini, mwenye hoteli Pemba, na sasa alitaka ya pili Palma. Alikuwa ameichagua nyumba ya Shangazi: kuta nene za mawe, vidaka ukutani, ua wenye kisima, bahari hatua chache. Alitaka aikodi kwa miaka mingi, aitengeneze, Shangazi ahamie kijumba kipya huko Palma ya juu. Jibu alilitaka Alhamisi ijayo. Watoto wa Shangazi, wote wako Nampula, walikuwa wameshasema ndiyo kwa simu, kila mmoja kwa wakati wake, kwa maneno yaleyale.

Mimi nilisema hapana kabla sijatua begi. Nikazungumza juu ya kumbukumbu na juu ya mawe yanayopumua. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu.

"Mwanangu," akasema, "wewe nyumba hii unaipenda ukiwa Mtwara. Mimi nalala humu na ndoo tatu."

Ndipo nikatua begi. Shangazi ni mjane, ni mwosha maiti wa wanawake wa mtaa wake, na alikuwa akiliangalia jambo la Senhor Abílio kama posa. Mtu akija kuposa, unatuma watu wakaulize kwao wanaishije. Yeye hakuwa na wa kumtuma, basi angekwenda mwenyewe. Angelala kwenye hoteli za namna hiyo, si ya Abílio peke yake, aone nyumba yake ikiolewa itaishi maisha gani. Nilipomwambia kwamba hata mimi nakwenda Pemba kuchagua hoteli, alimshukuru Mungu, kisha akaenda uani kukamata jogoo. Hatuwezi, alisema, kwenda kulala kwa watu mikono mitupu.

Palma hadi Msimbwa

Senhor Abílio alitoa gari lake. Shangazi alikataa; mposaji habebi wachunguzi wake. Tulipanda lori la Momade, mtu wa mtaani kwake, aliyekuwa ametoka Pundanhar na magunia ya mahindi akiyapeleka Pemba. Tulikaa mbele watatu, na jogoo katika kikapu miguuni, akitoa kichwa kila tulipopita shimo, yaani hakuwahi kukirudisha.

Momade aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili akiutumia kuonyesha hoteli zijazo. Pale patakuwa hoteli. Pale kwenye mikoko, hoteli. Pale kwa binamu yangu, unaona ule msingi, hoteli, ghorofa mbili, amekosa saruji tu. Nilimuuliza wageni wote hao watatoka wapi. Akaniangalia kwa huruma. Watatoka kwenye gesi, alisema, kama vile walikuwa wamelala huko chini pamoja nayo.

Njiani tukasimamishwa. Mbele kulikuwa na trela refu kuliko msikiti wa Ijumaa, limebeba mtambo uliofunikwa turubai, nalo lilikuwa linajaribu kupita kwenye daraja lililojengwa kwa ajili ya vitu vya ukubwa wa binadamu. Tulisubiri saa nne. Saa ya kwanza watu walilaumu. Ya pili wanawake wa kijiji cha jirani walileta mihogo ya kuchemsha, pweza wa kukaanga na chai. Ya tatu pakawa soko, na nilisikia bibi mmoja akimwomba Mungu daraja lishindikane mpaka kesho.

Hapo ndipo alipotujia dada mmoja mwenye fomu, kofia pana, viatu vya kupandia milima. Alikuwa anahoji wananchi kuhusu matarajio yao. Alizungumza Kireno, mimi nikatafsiri, na nakiri nilitafsiri kwa mapambo. Alimuuliza Shangazi anatarajia nini kutokana na gesi.

Shangazi alimeza pweza kwanza. "Kupikia," akasema.

Dada akaeleza, kwa upole mwingi, kwamba gesi hii itapozwa mpaka iwe maji, itiwe melini, ipelekwe nchi za mbali. Shangazi akauliza huko wanaifanyia nini. Dada akasema, wanapikia. Kisha dada akaandika kitu kwenye fomu, na nilipochungulia niliona ameweka alama kwenye kisanduku cha "hana maoni".

Msimbwa tulifika magharibi. Tulilala kwa dada yake Momade, ambaye alitupikia wali wa nazi na matapa, majani ya mhogo yaliyotwangwa na karanga mpaka yakawa laini kama hariri. Nilitaka kuandika ukurasa mzima juu ya matapa yale. Shangazi alisema nimalize kula kwanza. Alipotaka kutoa zawadi, mwenye nyumba alitazama ndani ya kikapu, akacheka, akasema jogoo ana safari, mwacheni afike.

Msimbwa hadi Pemba

Kuhusu barabara sina la kusema ambalo mgongo wangu haujasema. Tuliingia Pemba mchana, na ghuba ile ilipofunguka chini yetu, buluu juu ya buluu, nilitokwa na machozi, na Momade akanipa kitambaa cha kufutia kioo.

Hoteli ya kwanza ilikuwa na mlinzi, bustani iliyonyolewa, na mlango mkubwa wazi. Mimi niliingia. Shangazi alibaki nje, akapiga hodi. Akapiga tena. Ya tatu akaipiga kwa sauti ya kupasua, na watalii wawili wakageuka. Nilirudi kumwambia hapa ni hotelini, mtu anaingia tu. Akasema kwamba hodi tatu zikikosa jibu mwenye adabu huondoka, na ni kwa heshima yangu tu amebaki. Mwishowe kijana wa mapokezi alitoka mwenyewe akasema karibu, Mamã, nasi tukaingia.

Shangazi alimpa kikapu. Kijana alifunua, akafunika haraka. Alisema kwa Kireno kizuri kwamba hoteli hairuhusu wanyama vyumbani. Nilieleza kwamba jogoo hatalala hapa, jogoo ni zawadi yao. Akamwita meneja. Meneja akasema anasikitika, jiko lao hupokea vyakula kutoka kwa wauzaji walioidhinishwa. Wote wawili walikuwa watu wema, na wote wawili waliushika mpini wa kikapu kwa vidole viwili.

Shangazi aliwashukuru, akageuka. Nje akaniambia, "Wamekataa kuku. Mimi watanipokeaje?"

Ya pili ilikuwa nyeupe. Sakafu nyeupe, kuta nyeupe, hakuna picha, hakuna pazia, na meza ya mapokezi yenye binti aliyetupa kadi ya plastiki kuwa ndiyo ufunguo. Shangazi alikaa kwenye kochi jeupe akisubiri kuulizwa habari za safari. Alisubiri nusu saa. Hakuulizwa. Mimi, niseme kweli, nilikuwa nimeipenda hoteli ile. Niliona jinsi tungekaa pale, sisi wa Jumamosi, tumevaa vitu vyepesi, tukisomeana. Nilimwambia Shangazi kwamba ukimya nao ni aina ya ukarimu. Akasema basi hata makaburini ni wakarimu sana.

Chumbani bafu lilikuwa nyuma ya ukuta wa kioo kitupu, ili anayeoga aone kitanda na aliye kitandani amwone anayeoga. Shangazi aliuzunguka ukuta ule mara mbili akitafuta mbao zilizosahaulika. Nilimweleza kwamba ndiyo mtindo. Alitandika kanga mbili kwenye kioo, akazibana juu kwa mlango wa kabati na begi langu, akaoga kwa amani.

Asubuhi niliamka nikamkuta amekwisha fagia chumba, ametandika kitanda upande wake mpaka shuka limenyooka kama ubao, amefuta bafu na kufua mataulo. Mtu hulali kwa watu, alisema, ukawaachia uchafu wakusengenye. Mhudumu wa usafi alipoingia, mama wa Kimakua aitwaye Atija, alisimama mlangoni akashika kifua. Alidhani ameletewa mtu wa kuchukua kazi yake. Ilichukua muda kumtuliza. Kisha alieleza kwamba msimamizi hupita kuangalia mataulo machafu mangapi yametoka, na chumba kisichotoa kitu humletea maswali. Basi wakakaa wawili hao wakavuruga kitanda pamoja, wakalowesha mataulo upya, wakakisafisha chumba tena, safari hii rasmi, wakicheka. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo Shangazi alifurahi katika hoteli ile. Jogoo aliondoka na Atija kwa mlango wa nyuma.

Hoteli ya Senhor Abílio

Ya tatu ilikuwa ya mposaji. Ilikuwa nyumba ya zamani mtaa wa chini karibu na bahari, na lazima nikiri ilikuwa nzuri. Madema ya kuvulia samaki yamening'inizwa darini, taa ndani yake. Vinu vimegeuzwa viti. Mbuzi za kukunia nazi zimepangwa ukutani kwa ukubwa, kama pembe za swala kwa wawindaji. Shangazi alipita kati ya vitu hivyo taratibu, akivitambua kimoja kimoja kama mtu aliyekutana na majirani ugenini. Mlangoni alikuwa amepiga hodi, na mapokezi yakaitikia karibu. Aliulizwa habari za safari. Niliona uso wake ukilegea. Nikajua nyumba imeshaolewa, na sura zangu tatu za riwaya, zinazotokea ndani yake, zinakwenda nayo.

Nilimwacha aangalie ua, mimi nikabaki mezani kuuliza vyumba vyetu. Kwa hiyo yaliyofuata sehemu ya kwanza nayasimulia kwa kusikia.

Uani kulikuwa na bwawa la kuogelea. Kando ya bwawa, juani, juu ya kitu kirefu cha mbao chenye mikono minne, alilala mwanaume mnene, amenyooka, amefunikwa taulo jeupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Upepo ulikuwa umelifunua upande mmoja, na Shangazi aliona sikio, na ndani ya sikio kitu cheupe. Sisi tungesema, vile vya kusikilizia muziki. Yeye kwa miaka thelathini ameweka pamba kwenye masikio ya watu. Na kitu kile cha mbao hakikuwa kigeni kwa mtu yeyote wa pwani yetu, hata mtoto. Lilikuwa jeneza la msikitini.

Alisema, Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akajitanda kanga. Aliwatazama wale wageni wengine, mmoja ana gazeti, mwingine anakunywa juisi, akasikitika kwamba maskini huyu amefia ugenini hana wa kumlilia. Tena amewekwa juani, na kichwa hakiko upande wake. Maiti ya mwanaume Shangazi hawezi kuiosha. Basi akafanya ambalo lingefanywa na yeyote mwenye utu: akatoka kwa mlango wa uani, akaenda duka la pembeni, akawaambia wanaume waliokuwa wanacheza bao kwamba kuna maiti haina watu.

Nilitoka mapokezini na ufunguo mkononi nikakuta wanaume wanne wenye kofia wameshainama. Nilifungua mdomo. Walikuwa wepesi kuliko mimi. Walishika, wakanyanyua hadi mabegani, wakaanza na shahada, taratibu, kuelekea kivulini.

Marehemu aliamka hewani.

Aliketi, taulo likaanguka, akatazama kofia nne zilizokuwa chini yake, akatazama bwawa likipita, akasema, "Bom dia," yaani salamu ya asubuhi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Kwa heshima yao wale wanaume hawakumwangusha. Walimshusha polepole, kisha wawili wakakimbia. Na wageni wa hoteli, wenzangu, wageni walisimama wakapiga makofi. Walidhani ni ngoma ya saa ya chai.

Senhor Abílio alikuja mbio, akaelewa nusu, akacheka mpaka akashika magoti. Mtu yule alikuwa mhandisi wa kampuni mojawapo ya zile zilizokuja kwa gesi, na hakucheka. Aliomba nimtafsirie kile alichokuwa amelalia ni nini. Nilitafsiri, mara hii bila mapambo. Akaenda kuoga, na nasikia alioga hadi maji ya moto yakaisha.

Shangazi naye aliona haya, akaanza kuwaomba radhi wote, huku ameinama akishika mpini mmoja wa jeneza ili asimame. Mkono wake ukabaki hapo. Mpini ulikuwa umefungwa waya wa shaba, mizunguko mingi, umeiva rangi ya kijani.

Nilikuwa mtoto mwaka ule lakini kisa nakijua, kwetu kinajulikana. Siku ya mazishi ya mume wa Shangazi mpini wa jeneza ulivunjika kwenye mlango wa nyumba yake, na baba yangu akang'oa waya wa antena kutoka kwenye redio ya marehemu mwenyewe, akaufunga, safari ikaendelea.

"Hili mmelitoa wapi?" aliuliza.

Senhor Abílio alieleza kwa fahari. Msikiti wa mtaa mmoja Palma ulikuwa umepewa jeneza jipya la bati na mfadhili, na la zamani lilikuwa stoo. Alilinunua kwa halali, pamoja na milango miwili. Aliyemuuzia alimwambia ni kitanda cha masultani.

"Hakukudanganya," alisema Shangazi. "Masultani nao wamepita hapo."

Senhor Abílio hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Aliinama akauangalia waya, akamsikiliza Shangazi hadi mwisho, macho yakamlowa. Kisha akasema kwamba hadithi ile ni nzuri mno, ataiandika kwenye kibao kidogo cha shaba, ikae hapo bwawani, wageni waisome.

Hatukulala pale. Tulilala tena kwenye hoteli nyeupe, kanga kwenye kioo, na orodha yangu ya kuwaletea nyinyi ikabaki tupu.

Pemba hadi Palma

Kurudi tulipanda na Momade yuleyule, lori likiwa na mabati. Tulisimama Macomia. Tulipokuwa tunakula samaki na xima, ugali wa huko, kando ya barabara, Shangazi alisema watoto wake watamkasirikia. Nikajua amefika mahali, ila sikujua wapi, maana aliendelea kuzungumza juu ya ndoo zake, na mvua, na kwamba anaanza kuzeeka kupanda kitini kuziba paa. Nilitaka kumwambia asikubali. Nikakumbuka nalala wapi mimi. Nikanyamaza, na nadhani ndiyo mara pekee katika safari yote niliyotumia kipaji changu vizuri.

Alhamisi Senhor Abílio alikuja. Alikuja na pikapu, na nyuma ya pikapu, limepigwa vanishi hadi linang'aa, jeneza. Alikuwa amefikiri, alisema. Linapaswa kurudi kwao. Ni zawadi, hata kama Mamã hatasaini.

Kabla Shangazi hajajibu, mtaa ulikuwa umeshajibu. Huko kwetu jeneza likipita, kila mwanaume huinuka akalipe bega hatua chache, na hakuna aliyengoja kuuliza kama lina mtu. Mshona viatu aliacha kiatu, wauza samaki wakafuta mikono, na likaondoka tupu juu ya mabega kuelekea msikitini, watu wakipokezana. Mmoja akamwachia Senhor Abílio nafasi. Alilibeba hatua saba, shati lake la kitani likaingia vanishi begani. Alirudi ametulia, uso umebadilika. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama jambo hili linaweza kufanywa kila Jumamosi, saa kumi.

Shangazi alimketisha ukumbini. Alimletea kahawa na kashata, akamuuliza habari za njia, za watoto, za mama yake kusini, mpaka kahawa ikaisha. Ndipo karatasi zikatoka. Aliuliza jambo moja tu: chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha, kitakuwa nini. Senhor Abílio alifunua mchoro. Baa, alisema. Shangazi alimweleza kwamba ndani ya chumba kile aliwaosha mama yake na dada zake, na kwamba alikuwa ametegemea kuoshewa humohumo. Senhor Abílio alifikiri kwa haki kabisa, kalamu mkononi. Alisema baa inaweza kuhamishwa. Panaweza kuwa chumba cha kukandwa mwili kwa mafuta. Na Mamã asijione amefukuzwa. Atakuja wakati wowote apendao. Atakuwa mgeni wao wa kudumu.

Shangazi alizikunja karatasi zikawa kama zilivyokuja, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Senhor Abílio, umelirudisha jeneza, Mungu akulipe kheri. Siku nikilala juu yake, njoo uiulizie nyumba. Watakaokuwepo watakujibu. Leo mwenyewe yumo ndani, na hajachoka."

Senhor Abílio alinitazama mimi kana kwamba nitatafsiri, lakini yalikuwa yamesemwa kwa Kiswahili anachokijua. Aliinuka akakusanya simu na kalamu.

Shangazi humsindikiza kila mgeni. Nimemwona akimsindikiza hadi njia panda mtu aliyekuja kumwambia ana deni la maji. Siku ile alimfikisha kizingitini, akamtakia safari njema kwa sauti yake nzuri ya kawaida, akangoja mguu wa pili utoke, akafunga mlango, akatia komeo.